Kurudi kitandani baada ya kupandishwa kizazi

Mimi ni somo. Nimewafunda mabinti wengi hapa Tanga, nikiwahimiza wajue kukaza. Kizazi changu mwenyewe kiliposhuka, baada ya uzazi wa saba na ndoo zisizo na idadi, nikapasuliwa, ndipo nikajua kuna fundisho sikuwahi kulitoa: kuachia.

Wiki 6 za mwanzo kisiingie kitu ukeni, si mume, si kidole. Ndoo ya lita 20 aibebe mwingine. Wiki hizo zikiisha usijiruhusu mwenyewe, rudi kliniki utazamwe kidonda. Mimi niliongezewa wiki 2. Baba watoto alinuna siku mbili, ya tatu akanichotea maji.

Na shabu usiiguse! Mashoga zako watakuletea imesagwa, eti uwe mwali upya. Kidonda ndiyo kwanza kinafunga, shabu itakikausha na kukichubua. Kujifukiza nako acha.

Daktari akikuruhusu mazoezi, lala chali, magoti juu. Kaza kama unayezuia upepo, hesabu mpaka 5, kisha achia taratibu mpaka uhisi makalio yamezama godoroni. Huko kuachia ndiko kwenye kazi. Mtu aliyeumia hujikaza kwa hofu bila kujua, hata kabla hajaguswa. Mimi nilijigundua kwa meno: nikiyauma, na chini kumebana.

Siku yenyewe ikifika, nunua jeli ya maji duka la dawa, wala usiionee choyo. Mafuta ya nazi huharibu kondomu, kwa wanaoitumia. Aliyekoma hedhi amuulize daktari habari ya krimu ya estrojeni, homoni ya kike, maana ukavu wa uke hauishi kwa kubembelezwa. Kaa wewe juu, au laleni ubavu, ili kina ukipime mwenyewe. Sisi tulipatana neno: nikisema "chumvi", anasimama. Usiku wa kwanza nililisema mara tatu, na ya tatu tulicheka mpaka mtoto akagonga ukuta.

Damu ikitiririka, uchafu ukinuka, homa ikipanda au ukihisi kitu kimeshuka tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayojirudia kila mkikutana, nayo mwambie daktari, alikague kovu. Usione haya, ameyasikia mengi kuliko mimi.

Shanga nilizivua siku ya kupasuliwa. Nilizivaa tena mwezi wa nne tangu hapo, na uzi ilibidi uongezwe.