Somo: Kulala gesti ukiwa chini ya miaka 18, kutoka Nakuru hadi Kisumu na Magharibi

Kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, vijana wa miaka 16 na 17 hupanda matatu Nakuru kuelekea Kisumu, Kakamega, Bungoma au Busia bila mtu mzima. Wengine wanaenda kwa nyanya, wengine ni mabinamu waliochanga pesa wakaone Ziwa Nakuru, ufuo wa Dunga kule Kisumu na Msitu wa Kakamega. Barabarani mambo huwa shwari. Shida huanzia mapokezi, mtu anapoulizwa, "Kitambulisho?"

Nimefanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni Kisumu, na ninaandika nikiwa upande ule wa meza. Inaniuma kuona mtoto akirudishwa mlangoni usiku kwa jambo ambalo simu moja ya mchana ingelimaliza.

Kwanza, kwa nini wanakukataa

Kisheria, Kenya mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18 ni mtoto, na kitambulisho cha taifa hupewi kabla ya umri huo. Gesti nayo huandika nambari ya kitambulisho cha kila mgeni kwenye daftari. Wewe huna nambari ya kuandikwa.

Kuna pia sheria ya pombe ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni. Hairuhusu mwenye baa kumwingiza aliye chini ya miaka 18 mahali pombe inaponyweka. Sasa fikiria lojing'i (nyumba za kulala wageni) ngapi za mjini zina baa chini na vyumba juu. Hizo ziondoe kabisa kwenye hesabu yako.

La mwisho ndilo zito. Mtoto anayeomba chumba peke yake huenda ametoroka nyumbani, au ameletwa na mtu mwenye nia mbaya ambaye bado yuko nje. Msimamizi anayekuuliza maswali mengi anakulinda. Mjibu kwa heshima, wala usikasirike.

Hatua ya 1: Mzazi azungumze na msimamizi kabla hujatoka nyumbani

Ukishika hatua hii tu, umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Mzazi au mlezi apige simu mchana na aombe kuzungumza na msimamizi mwenyewe. Anayepokea simu saa nne asubuhi siye atakayekuwa zamu jioni, na ahadi nyingi hupotelea hapo, katikati ya zamu mbili. Mzazi aombe jina la atakayekuwa zamu, kisha aombe maelezo yaandikwe kwenye kitabu cha nafasi.

Maneno yawe wazi: "Mwanangu ana miaka 17. Atafika Jumanne kabla ya saa kumi na moja jioni, atalala usiku mmoja, na mimi ndiye ninayelipa. Mnaweza kumpokea?" Umri usifichwe. Wakikataa, mshukuru Mungu kwamba wamekataa ukiwa bado nyumbani, na mpigie simu nyumba nyingine.

Malipo yatoke kwa mzazi kwa Lipa na M-Pesa, na jina la nyumba ya wageni lionekane kabla hajakubali kutuma. Mtu akisema "tuma kwa nambari yangu hii," achaneni naye. Kujaribu kupitia Airbnb, ule mtandao wa kukodi malazi, hakutakusaidia, kwa kuwa akaunti yake inataka mtu aliyefika miaka 18.

Hatua ya 2: Barua na nakala

Barua iwe na jina lako na tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na nambari zake mbili za simu, unakotoka na unakoenda, tarehe za kulala na jina la nyumba, halafu sahihi. Ambatisha nakala ya cheti chako cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha mzazi. Juu ya nakala ya kitambulisho, mzazi aandike kwa kalamu: "Kwa ajili ya malazi ya mwanangu tu," pamoja na tarehe, ili ikipotea isitumiwe kwingine. Muhuri wa chifu si lazima, lakini nimeona wasimamizi wakilainika wanapouona.

Barua hii haimlazimishi mtu akupokee. Kazi yake ni kukumbusha mazungumzo ambayo tayari yamefanyika kwa simu.

Hatua ya 3: Chagua nyumba inayozoea vijana

Nyumba za wageni za makanisa, zile za dayosisi na za masista, ndizo ninazozipendekeza kwanza. Hazina baa, lango hufungwa mapema, na wanaozisimamia wamezoea vikundi vya vijana. Ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru kuna nyumba ya wageni ya Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wanafunzi. Mkumbuke kwamba kiingilio cha mbuga mtalipa kando. Katika Msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu, KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ina vibanda vya kulala, lakini huko nendeni na mtu mzima kwa sababu ni mbali na mji.

Mkiwa kundi la shule au la kanisa, mwalimu anaweza kuomba bweni la shule wakati wa likizo. Hivyo ndivyo wanafunzi hulala kwenye mashindano ya muziki na ya drama.

Salgaa hapana. Ni kituo cha madereva wa malori, na lojing'i zake ziliwekwa kwa ajili yao.

Hatua ya 4: Fika jua likiwa juu

Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni. Panga kushuka saa kumi. Ukitoka Nakuru asubuhi utafika vizuri, lakini ukingoja matatu ijaze watu mchana, mvua ya alasiri ya Kericho itakuchelewesha na utaingia steji gizani. Gizani kila anayekuita "customer" hudai anajua gesti nzuri. Mtu wa boda asikuchagulie pa kulala, maana wengine hulipwa kwa kila mgeni wanayemleta. Mtajie jina la nyumba, mpatane bei, mwende.

Desemba watu wote wako njiani kwenda ushago, yaani kijijini kwao, kwa hivyo nafasi ichukuliwe mapema zaidi.

Hatua ya 5: Ukishapokelewa

Jaribu komeo na kufuli kabla ya mtu wa mapokezi kuondoka. Komeo likiwa bovu, omba chumba kingine. Piga simu nyumbani, mzazi azungumze na aliye zamu. Nambari ya chumba usiitaje mbele ya watu. Mtu akibisha usiku, usifungue: piga simu mapokezi uulize kama wamemtuma.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Simu 116 ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana, na ni ya watoto. Huna haja ya kuwa umepigwa ndipo uitumie. Kukwama mji mgeni kunatosha. Kituo cha polisi nacho kina mtu wa zamu usiku kucha. Eleza umekwama na uombe wampigie mzazi wako. Ukiwa bado unatafuta msaada, kaa penye taa na watu: ofisi ya kampuni ya basi, au mapokezi ya hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wa Kisumu huiita Russia. Mtu usiyemjua akikwambia, "Njoo ulale kwetu, nina watoto kama wewe," kataa, hata akiwa mama mwenye sura ya huruma.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mwanachama wa Njoro: Dada, nimemaliza kidato cha nne, nina miaka 17. Nikitumia kitambulisho cha kaka yangu kuna ubaya? Tunafanana.

Jibu: Upo, mdogo wangu. Kutumia kitambulisho cha mwenzako ni kosa la jinai, na utamtia kaka yako matatani pamoja nawe. Tena fikiria moto ukitokea usiku. Watakaokutafuta watakuwa na jina lisilo lako, na mama yako hatapigiwa simu. Kadi ya shule ibebe, inaonyesha wewe ni nani, lakini iende pamoja na barua.

Mzazi wa Bungoma: Binti yangu wa miaka 16 anasafiri na binamu yake wa kiume wa miaka 19 kwenda Nakuru. Kijana anaweza kuchukua chumba?

Jibu: Anaweza kwa sababu ana kitambulisho, lakini vyumba viwe viwili, na wewe mama ndiwe upige simu kueleza undugu wao. Mvulana na msichana wakija bila simu ya mzazi, mimi mwenyewe nisingewapokea. Ukiweza, binti alale kwa shangazi na kijana ndiye aende gesti.

Mwanachama wa Migori: Basi likiharibika usiku karibu na Mau Summit?

Jibu: Baki ndani ya basi na wenzako. Mwambie kondakta umri wako, kaa karibu na familia au akina mama, na umjulishe mzazi mlipo. Usishuke kwenda kutafuta chumba peke yako.

Mwanachama wa Kondele: Mbona kuna gesti za mtaani ambazo hazikuulizi chochote? Unalipa, unapewa ufunguo. Si ni rahisi zaidi?

Jibu: Ni rahisi kwa kila mtu, ndugu yangu. Nyumba ambayo haikukuuliza wewe jina haikumuuliza pia mwanaume aliye chumba cha pili, na ufunguo wa akiba unaning'inia ukutani anapoufikia yeyote. Kama umefika mjini na hiyo ndiyo nafasi iliyobaki, rudi Hatua ya 6 na upige 116 kabla hujalipa.