Usitangaze raundi ya mwisho ya shindano la mchezo wa uchumi

Ukiendesha mtandaoni shindano ambamo timu hupanga bei, uzalishaji na mikopo kila raundi, ficha raundi ya mwisho: hakikisha raundi 10 za kwanza, kisha kuanzia mwisho wa raundi ya 10, kila raundi inapoisha, kompyuta ipige kura ya bahati yenye uwezekano wa asilimia 20 wa kufunga mchezo, na kwa wastani utaishia raundi ya 14. Timu ikijua kwamba raundi ya 12 ndiyo ya mwisho, huacha kukarabati mashine, humwaga bidhaa zote za ghalani sokoni na kuvunja makubaliano ya bei. Na kwa kuwa wapinzani wanalitarajia hilo, usaliti husogea hadi raundi ya 11, kisha ya 10, hadi mkakati wa muda mrefu unakosa maana. Robert Axelrod naye, mtaalamu Mmarekani wa sayansi ya siasa aliyechunguza ushirikiano na usaliti, baada ya mashindano yake ya kwanza ya programu za kompyuta zilizochagua kushirikiana au kusaliti, yaliyokuwa na hatua 200 kwa kila pambano, aliiachia bahati iamue urefu wa mapambano katika mashindano ya pili.

Kama masoko kadhaa, yaani makundi ya timu zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe, yanaendeshwa sambamba na washindi hupatikana kwa jumla ya faida, kura iwe moja kwa masoko yote, la sivyo waliopata raundi nyingi watapendelewa bila haki. Njia hii haifai kabisa pale tarehe ya kutoa zawadi inapokuwa karibu mno, kwa sababu washiriki watahesabu siku zilizobaki na kuigundua raundi yenyewe.