Umechepuka, mwenzio kajua na umeanza kumwogopa? Fanya hivi

Hii naiandika kwa yule aliyetoka nje ya ndoa, mwenzie akagundua, na sasa anapigwa au anatishiwa ila kanyamaza kwa sababu anajiambia nimejitakia mwenyewe. Huyo ndo haendi polisi, hamwambii mama yake wala shoga yake, maana akisimulia kipigo itabidi asimulie na mchepuko. Aibu inamfungia ndani na mtu anayeweza kumuua. Na wanaume wamo pia, wanamwagiwa maji ya moto wanasema wameteleza bafuni.

Kosa lako ni kosa na utalijibu. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzie, na haijaweka mahali "labda kama kachepuka". Mwenzio akitaka haki yake njia zipo, aende baraza la usuluhishi la ndoa, aombe talaka, hata kumshtaki huyo uliyetembea naye anaweza, adai fidia ya ugoni. Kipigo hakimo.

Sasa angalia dalili. Kununa, kulia, kulala sebuleni, hayo ni maumivu na ana haki nayo. Lakini akikukaba shingo hata mara moja, hata sekunde chache akaachia akaomba msamaha, usikae, wanaokabwa ndo wako kwenye hatari kubwa sana ya kuja kuuawa na huyo huyo. Vivyo hivyo akianza "nikikukosa mimi hakupati mtu", au "nakuua halafu najiua", au kakunyang'anya simu na kufuli la mlango anabaki nalo yeye. Usiseme ni hasira tu zitapita.

Akikubana usiku umweleze kila kitu, mlikutana wapi, mara ngapi, mlifanyaje, usisimulie. Najua roho inakusuta unaona ukitapika yote utapata amani, ila kila detail unayompa usiku ule inamchoma upya na mko wawili tu humo ndani. Mwambie nitaongea mbele ya watu, kesho, mshenga awepo au wazee. Ugomvi ukipamba moto toka jikoni kwenye visu, usijifungie chumba ambacho hakina pa kutokea.

Kabla hujaondoka andaa kimya kimya: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki, kadi ya benki, nauli. Peleka kwa mtu unayemwamini ambaye mwenzio hamzoei. Ingia WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa uondoe usivyovijua, zima na location, wengi wamefuatwa mpaka kwa ndugu walikojificha kwa sababu simu ilikuwa inaonyesha walipo.

Ukishatoka nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Huna haja ya kuanza na habari ya mchepuko, eleza ulivyopigwa na ulivyotishiwa, kwa maneno yake aliyotamka. Umeumia, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ndo uende hospitali, ila hali ikiwa mbaya nenda hospitali kwanza fomu itafuata. Kama ni sasa hivi anavunja mlango piga 112.

Na wewe uliyesalitiwa unayesoma hapa moto umekuwakia, ondoka hapo nyumbani usiku huu, nenda kwa kaka yako, simu mwachie yeye asikuache uzisome tena zile meseji. Kuna watu wanaamini ukifumania sheria inakuelewa. Ukiua palepale kwa hasira ya ghafla inaweza kuhesabika kuua bila kukusudia, na hiyo nayo inafika kifungo cha maisha, ukienda kukaa ukapanga ukarudi ni mauaji, adhabu yake kunyongwa.

La mwisho ni ule wito wa "njoo tuongee mara ya mwisho, uchukue na nguo zako". Wakati wa kuachana ndo hatari inapanda. Usiende peke yako, hata akilia kwenye simu, hata akisema mtoto anaumwa. Nenda na mwenyekiti wa mtaa au askari, mchana, na wakikosekana nguo ziache.