SOMO: Jinsi ya kutembelea bustani ya msituni ya mtu binafsi

Wakuu, naliandika hili mara moja ili liwepo. Kila msimu maswali ni yale yale: niende lini, nivae nini, kwa nini nimekatazwa kuingia kwenye miti. Kuanzia leo atakayeniuliza nitamleta hapa.

Bustani ya msituni ni ile iliyopandwa chini ya miti mikubwa, na hizi ninazozungumzia mwenyewe anaishi humo humo. Unaingia nyumbani kwa mtu. Amekufungulia lango siku chache tu za mwaka, na mara nyingi kiingilio hata hakibaki kwake. Uingereza desturi hii ni ya siku nyingi: mpango wa National Garden Scheme ulianza mwaka 1927, zikafunguliwa bustani 609 kwa kiingilio cha shilingi moja, na fedha zikaenda kwa wauguzi waliokuwa wakihudumia wagonjwa majumbani.

Hatua ya 1. Hakikisha siku na saa. Upepo ukivuma sana, piga simu kabla hujatoka. Matawi huanguka na wenyewe hufunga.

Hatua ya 2. Chagua msimu. Kwenye nchi za majira manne, maua ya ardhini kama blubeli huwahi mwanga kabla miti haijafunika anga kwa majani. Uingereza ni Aprili na Mei. Azalea na rododendroni, vichaka vya maua, nyingi hushamiri karibu na hapo. Katikati ya kiangazi utakuta kijani na kivuli, maua machache. Majira ya kupukutika majani ni ya rangi za juu mitini.

Hatua ya 3. Piga brashi soli za viatu kabla ya kwenda, na tena ukitoka. Si usafi wa kuonekana. Kuna kimelea kinachofanana na kuvu, Phytophthora ramorum, ambacho husafiri na tope la viatu. Kimeua mialoni mingi California, na mwaka 2009 kilikutwa Uingereza kwenye miti ya lachi, ikabidi misitu ikatwe. Rododendroni nazo hukibeba. Ukitembelea bustani mbili siku moja, wewe ndiwe daraja.

Hatua ya 4. Langoni lipa, chukua ramani, uliza njia zipi zimefungwa leo.

Hatua ya 5. USITOKE NJIANI. Hapa niliwahi kukosea, na bado inaniuma. Ilikuwa mapema, majira ya kuchipua yanaanza, chini kumejaa majani makavu. Niliona ua zuri hatua tatu kutoka njiani, nikaingia, nikapiga magoti, nikapiga picha zangu. Mwenye bustani alikuja taratibu, akainama nilipokuwa nimesimama, akafunua majani makavu kwa vidole. Chini yake kulikuwa na machipukizi ya Trillium, ua la msituni, manne yamevunjika. Akanieleza kwamba mmea huo huchukua miaka saba au zaidi kutoka mbegu mpaka ua la kwanza, na chipukizi likivunjika, shina hilo halitoi jingine mwaka huo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo: ardhi inayoonekana tupu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote. Usiweke begi kando ya njia. Usirudi kinyumenyume ukiwa na kamera usoni. Ukipishana na watu, simama uwangoje, usiwakwepe kwa kukanyaga pembeni. Blubeli nayo majani yake yakipondwa haiwezi kujilisha vizuri, na sehemu iliyokanyagwa huchukua miaka kurudi.

Hatua ya 6. Tembea polepole, na kila kona geuka utazame ulikotoka. Mpanzi mzuri hupanga pande zote mbili za njia, na watu wengi huondoka wameona nusu.

Hatua ya 7. Usichume, usiokote mbegu. Ukitaka jina la mmea, muulize mwenyewe, atafurahi.

MASWALI

Mtembezi: Mkuu niende mwezi gani?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Jua_Kali: Mimi nilikwenda katikati ya kiangazi, nikalipa, hakuna maua. Hawa watu wanatudanganya.

Mwandishi: Hakuna aliyekudanganya. Kivuli kikifunga, maua ya chini humaliza kazi yake na kulala. Nimeandika hapo juu, soma kabla ya kulaumu watu waliokufungulia nyumba yao.

Mama Simba: Mbwa wangu ni mpole, naweza kwenda naye?

Mwandishi: Muulize mwenyewe kabla. Akikubali, kamba fupi, na asitafune chochote: majani ya rododendroni ni sumu kwa mbwa, na kwa mbuzi pia.

Mizizi: Asante kwa somo. Naomba kuelewa: ukiacha machipukizi, udongo wenyewe unadhurikaje kwa kukanyagwa? Mvua si itaulainisha?

Mwandishi: Swali zuri sana, ndugu yangu. Udongo wa msituni una matundu madogo yanayopitisha hewa na maji. Mguu huyabana, na mvua haiyafungui. Ikinyesha juu ya udongo uliobanwa, maji hutiririka badala ya kuzama. Mizizi midogo inayonyonya chakula, hata ya mti mkubwa, mingi ipo karibu na uso wa ardhi, pamoja na kuvu wanaoshirikiana nayo. Ukikanyaga mita kadhaa kutoka kwenye shina, bado unaukanyaga mti.

Mizizi: Kumbe! Na jingine: kwenye bustani niliyotembelea, hydrangea (kile kichaka cha maua) zilikuwa za buluu, yangu ya aina ile ile ni ya waridi. Kwa nini?

Mwandishi: Ni udongo. Ukiwa na asidi, mmea hupata aluminiamu na ua linakuwa la buluu. Asidi ikipungua, linakuwa la waridi. Nyeupe hazibadiliki. Ndiyo maana ukiona za buluu karibu na rododendroni zilizonawiri, usishangae, zote zinaonyesha udongo wa namna moja.

Kamera_Mkononi: Nyongeza kwa wapiga picha: siku ya mawingu ni bora. Jua kali msituni hutoa madoa meupe na weusi mtupu.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na suruali iingizwe kwenye soksi, ukifika nyumbani kagua mwili mzima. Kupe hupenda majani marefu ya kando ya njia.

Mpanda_Kivuli: Mboji ya majani naitengenezaje kwangu?

Mwandishi: Jaza majani makavu kwenye mfuko, yaloweshe, toboa matundu, weka kivulini. Mwaka mmoja hadi miwili, kuvu watamaliza kazi. Majani magumu yakatekate kwanza.