Unene wa Kintu ukikutisha, anzia msibani

Kama Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, imekaa rafuni kwako hapo Kampala na hujavuka kurasa za mwanzo, iache kwanza. Tafuta hadithi yake fupi, "Let's Tell This Story Properly", iliyoshinda tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Imo pia kwenye mkusanyiko wake wa 2019, Manchester Happened. Foleni moja ya kwenda Entebbe, ukiwa ndani ya teksi, inatosha kuimaliza.

Mjane anasafirisha maiti ya mumewe kutoka Manchester kuja kuzika nyumbani, kumbe marehemu alikuwa na familia nyingine huku. Usikimbilie kisa. Tazama nani anapewa nafasi ya mjane, na ndugu gani walijua wakanyamaza. Makumbi hakufafanulii mila, anakuingiza matangani ujionee mwenyewe. Na utacheka, msiba au si msiba.

Siri za ukoo za namna hiyo ndizo anazozitanua katika Kintu. Baada ya utangulizi wa 2004 pale Bwaise, mtaa wa Kampala, anakurudisha hadi 1750, kwa Kintu Kidda wa Buddu, jimbo la ufalme wa Buganda, kisha laana inawafuata wajukuu wa leo. Majina ni mengi, ila kila sehemu ina mtu wake, kwa hiyo isome kama hadithi inayojitegemea. Maliza sehemu ya Suubi yote, pumzika, ndipo uingie kwa Kanani.