Miaka mitano ya fedha za Amazon kwenye karatasi moja

Nilianza uhasibu kwenye kampuni ya ujenzi. Mwaka wangu wa pili vitabu vilionyesha faida nzuri, na Jumamosi moja nikatumwa saiti kuwaambia mafundi kwamba mishahara haipo. Faida ilikuwepo kwenye vitabu, ila fedha yenyewe ilikuwa bado kwa mteja ambaye hajalipa ankara tatu. Fundi mmoja wa nondo, mtu mzima wa kunizaa, akaniuliza: "Binti, kama kampuni imepata faida, imeiweka wapi?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Leo kila nikifungua taarifa ya mtiririko wa fedha ya kampuni yoyote, yaani ile inayoonyesha fedha iliyoingia na iliyotoka, naanza na swali lake.

Hapa natumia Amazon, kampuni ya Marekani inayouza bidhaa mtandaoni, kwa sababu ripoti zake ni za bure na miaka ya 2020 hadi 2024 inafundisha mengi.

Ingia EDGAR, hifadhi ya ripoti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, utafute Fomu 10-K, ripoti ya mwaka ya kampuni. Huhitaji ripoti tano. Kila moja ina mtiririko wa fedha wa miaka mitatu: ya 2022 inakupa 2020 hadi 2022, ya 2024 inakupa 2022 hadi 2024. Mwaka 2022 unajirudia, basi utumie kukagua. Kampuni ikiwa imepanga upya mistari yake, namba zitapishana. Chukua za ripoti mpya na uandike pembeni kuwa zimebadilika. Amazon huitanguliza taarifa hii mbele ya ile ya mapato na mizania (orodha ya mali na madeni), kwa hiyo utaikuta mapema.

Mimi natumia karatasi ya A3: miaka juu, mistari kushoto. Namba iliyo kwenye mabano ni hasara au fedha iliyotoka, naiandika kwa kalamu nyekundu. Anza na mistari mitatu tu, kwa bilioni za dola, kuanzia 2020 kwenda 2024:

Faida halisi: 21.3, 33.4, (2.7), 30.4, 59.2
Fedha kutoka uendeshaji: 66.1, 46.3, 46.8, 84.9, 115.9
Majengo na mitambo iliyonunuliwa: (40.1), (61.1), (63.6), (52.7), (83.0)

Sasa usishuke na safu ya mwaka mmoja. Pita na mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kisha linganisha mstari wa kwanza na wa pili. Mwaka 2021 faida ilipanda, fedha ikapungua kwa karibu bilioni 20. Mwaka 2022 kampuni ikapata hasara, na fedha ikabaki pale pale. Ukiona hivyo, simama uchimbe.

Jibu la 2022 liko kwenye mistari inayofuata chini ya faida. Uchakavu ulikuwa bilioni 41.9: gharama kwenye vitabu, lakini fedha yake ilitoka zamani mitambo iliponunuliwa. Wafanyakazi walilipwa hisa za bilioni 19.6, nazo si fedha taslimu. Kisha kuna Rivian, kampuni ya magari ya umeme ambayo Amazon ina hisa zake. Rivian ilipoingia sokoni Novemba 2021, thamani ya hisa hizo iliipa Amazon faida ya bilioni 11.8 kwa mwaka ule. Mwaka 2022 bei ikaporomoka na bilioni 12.7 zikahesabiwa kuwa hasara. Bei ilipopanda hakuna senti iliyoingia, na iliposhuka hakuna iliyotoka. Aliyesoma faida peke yake aliona kampuni imestawi kisha imeanguka.

Na ile 66.1 ya 2020? Usiichukue kama kipimo cha mwaka wa kawaida. Tazama mstari wa madeni kwa wauzaji: yaliongezeka kwa bilioni 17.5 mwaka 2020, na kwa 3.6 tu mwaka 2021. Watu walijifungia majumbani kwa sababu ya korona na kuagiza kila kitu. Mteja hulipa papo hapo, muuza bidhaa husubiri malipo yake. Kwa hiyo sehemu ya fedha ile ilikuwa ya watu, imepumzika kwa Amazon. Mwaka uliofuata bidhaa ghalani nazo zikameza 9.5, kutoka 2.8.

Taarifa ina sehemu tatu: uendeshaji, uwekezaji na ufadhili. Kwenye uwekezaji, jumla inadanganya. Ilikuwa (59.6) mwaka 2020 na (58.2) mwaka 2021, kama vile hakuna kilichobadilika, na huku majengo na mitambo ilipanda kwa bilioni 21. Mwaka 2020 kampuni ilinunua dhamana (hati za uwekezaji zinazouzika sokoni) za 72.5 na kuuza za 50.2, yaani ilikuwa inahamisha akiba yake tu. Toa dhamana kwanza, ndipo utazame.

Mstari ambao wengi wanauruka uko chini, kwenye ufadhili: marejesho ya mitambo iliyochukuliwa kwa mkataba wa kukodi na kulipia kidogo kidogo. Hiyo nayo ni mitambo, na malipo yake ni (10.6), (11.2), (7.9), (4.4), (2.0). Amazon yenyewe hutangaza fedha inayobaki baada ya ununuzi wa mitambo, ikijumlisha ruzuku na mitambo iliyouzwa: 31.0, (9.1), (11.6), 36.8, 38.2. Mimi huondoa na marejesho hayo, nabaki na 20.4, (20.2), (19.5), 32.4, 36.2. Pengo la 2021 na 2022 linaonekana wazi, na mikopo ya muda mrefu ya miaka hiyo, bilioni 19.0 na 21.2, inaeleza lilivyozibwa. Mwaka 2022 huohuo kampuni ilinunua hisa zake za bilioni 6. Mimi ningekuwa mwanahisa ningesimama mkutanoni kuuliza.

Bado safu ya 2024. Fedha ya uendeshaji iliongezeka kwa karibu bilioni 31, lakini iliyobaki kwa hesabu ya Amazon iliongezeka kwa 1.4 tu, maana ununuzi wa mitambo uliruka kutoka 52.7 hadi 83.0. Mitambo hiyo itarudi kama uchakavu miaka ijayo, na kasi yake inategemea umri ambao kampuni imeipangia. Soma maelezo ya hesabu. Umri wa seva, kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data, ulikuwa miaka 4, ukawa 5 mwaka 2022, ukawa 6 mwaka 2024. Kuurefusha kunapunguza uchakavu na kuongeza faida, fedha haiguswi. Kuanzia 2025 baadhi ya seva zimerudishwa kwenye miaka 5. Andika umri huo juu ya kila safu kwa penseli, kisha chora safu ya 2025 uiache wazi.