Kabla ya Kumfukuza Mfanyakazi kwa Maneno Aliyoandika Mtandaoni

Mara nyingi habari humfikia mwajiri asubuhi mapema, hata chai hajainywa: mtu amempelekea picha ya skrini yenye maneno ya mfanyakazi wake. Mwongozo huu ni kwa mwenye kampuni ndogo au ya kati hapa Lubumbashi ambaye ameshapata picha ya namna hiyo, na mkono unamwasha kuandika barua ya kufukuza. Barua hiyo isiandikwe siku hiyo. Na swali la kujiuliza si kama maneno yale yamekuudhi, bali kama yamegusa kazi.

Tofauti hiyo sikuitunga mimi. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kazi ya Kongo (DRC) ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, kinamruhusu mwajiri kuvunja mkataba usio na muda maalumu kwa sababu halali tu, ama inayohusu uwezo wa mfanyakazi, ama mwenendo wake mahali pa kazi anapotekeleza majukumu yake, ama mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Fundi umeme anayeandika Facebook Jumapili jioni, akiwa kwake Katuba, kwamba chama fulani hakifai kutawala, hayupo mahali pa kazi. Tena kifungu hichohicho kinataja maoni ya kisiasa, dini na kabila miongoni mwa mambo yasiyoweza kuwa sababu halali. Chapisho la aina hiyo liache lilivyo, hata kama mteja wako mkubwa amekasirika.

Ugumu unaanza pale maneno yanapohusu kampuni yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikishughulikia mambo ya wafanyakazi katika kampuni moja ya usafirishaji. Dereva mmoja, akiwa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, aliweka kwenye statasi yake ya WhatsApp picha ya tairi la nyuma ambalo nyuzi zilikuwa zimeshatokeza, na chini yake akaandika: "Hivi ndivyo tunavyotumwa kufa." Patroni alitaka afukuzwe kabla ya saa sita mchana. Nilimwomba kwanza tufungue daftari la gereji, tukakuta dereva yule alikuwa ameomba tairi jipya mara mbili. Maneno yake yalikuwa makali, lakini hayakuwa uongo wala tusi, na kumfukuza kungekuwa kumwadhibu mtu kwa kosa letu. Angalimtukana mkuu wa gereji matusi ya nguoni, ningesema mengine, kwa sababu kifungu cha 74 kinahesabu matusi makubwa dhidi ya mwajiri au watumishi wake kuwa kosa zito. Vivyo hivyo kwa dereva anayetangaza mahali lori lililobeba shaba litakapolala usiku. Huyo anawaita wezi, na usalama wa kampuni si maoni ya mtu binafsi.

Ukishaona kwamba jambo linagusa kazi, hifadhi ushahidi mara moja, kwa maana statasi hufutika baada ya saa 24. Andika ni nani aliyekuletea picha, siku gani na saa ngapi. Tarehe hiyo ina uzito: kifungu cha 72 kinataka uamuzi wa kuvunja mkataba kwa kosa zito umfikie mfanyakazi kwa maandishi katika siku 15 za kazi tangu ulipoyajua mambo yenyewe. Usimlazimishe mtu kukufungulia simu yake, kwa kuwa Katiba inalinda siri ya mawasiliano, na maneno yaliyosemwa katika kundi la ndugu zake si sawa na yale aliyoyaweka hadharani.

Kisha mpe barua ya kumwomba maelezo, ile ambayo ofisi zetu zote huiita demande d'explication. Nakili ndani yake maneno yaleyale aliyoandika, bila kuyafupisha, kisha uulize, usihukumu. Kama Kifaransa kinamtatiza, ajibu kwa Kiswahili. Nimeona watu wakipoteza kazi kwa sababu ya jibu walilosaidiwa kuandika na jirani.

Baada ya jibu, mara nyingi onyo la maandishi linatosha. Ukiona kwamba kumwachisha ni lazima lakini kosa si zito, hesabu notisi: siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa hiyo aliyetumika miaka sita anadai siku 56. Sababu itajwe waziwazi katika barua. Mahakama ikiona sababu si halali, mfanyakazi ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa, fidia yake inaweza kufika mishahara ya miezi 36. Kama ni mjumbe wa wafanyakazi, usiguse mkataba wake kabla ya kupata idhini ya Mkaguzi wa Kazi.

Mkaguzi huyohuyo ndiye atakayewapatanisha mzozo ukizuka, maana Mahakama ya Kazi haipokei kesi ya mfanyakazi mmoja isiyopitia kwake. Nenda na picha ya chapisho, barua ya kuomba maelezo, jibu lake, na, kama ilivyokuwa kwetu, daftari la gereji.